Bakuli Lililonyooshwa

Kijiwe chenyewe ni benchi moja la mbao, mguu wake mmoja umefungwa waya, limeegemea ukuta wa karakana ya Fundi Gonga, mtengeneza masufuria. Ukikaa upande wa kushoto unasikia nyundo. Ukikaa kulia unasikia nyundo zaidi. Wenyeji wa benchi ni Fundi mwenyewe, anapopumzika. Profesa, kinyozi wa mlango wa pili, ambaye tangu azaliwe hajakosa jibu, hata pale ambapo hakuulizwa. Na Breki, dereva mstaafu wa malori, aliyepewa jina hilo kwa sababu akianza kusema hana. Kahawa analeta Shangazi, ambaye si shangazi wa mtu yeyote pale, ila ukimwita vinginevyo unanyweshwa mashapo. Saa nane kamili kijiwe huvunjika, kila mtu akaenda kwake kula. Jumanne hiyo kilichelewa kuvunjika, maana Fundi alitoka ndani amekumbatia kitu kilichofunikwa kitambaa, na uso wake ulikuwa umekunjuka kama wa bwana harusi. Laiti angekiacha kitu chake huko huko ndani.

— Sogeeni, — akasema. — Leo nawaonyesha kazi. Si hizi za kuziba vitako vya masufuria.

Akavuta kitambaa. Bakuli la shaba, kubwa kama beseni la kunawia, liking'aa mpaka Breki akafumba jicho moja.

— Hilo si la yule wa juu?

La yule wa juu, ndiyo. Miezi saba nyuma mama mmoja alipanga chumba cha ghorofani, juu ya karakana, akatundika mapazia, akatandika mikeka. Watu hupanda, hulala chali, yeye huwagongea mabakuli, nao hushuka wametulia kama watu waliotoka kuoga. Kijiwe kilimpa jina la Mama Mabakuli siku ya pili tu, na kwa miezi saba hakikuacha kumcheka. Fundi ndiye aliyecheka kwa sauti kuliko wote, kwa kuwa amezoea kupiga kelele juu ya nyundo yake mwenyewe.

— Kaleta juzi, — Fundi akaeleza. — Ufa mdogo hapa ukingoni. Akaniambia, "Fundi, nizibie ufa tu." Lakini nilivyoliona nikalihurumia. Mabonde mwili mzima! Utadhani limegongwa na kila mpita njia. Nikasema, huyu mama ni jirani, mgeni, hana mtu hapa. Nikaziba ufa, halafu nikakaa nalo siku mbili nzima, bonde moja baada ya jingine, mpaka likanyooka. Hebu pitisha mkono.

Breki akapitisha mkono. Profesa akapitisha mkono. Shangazi akajitazama humo, akarekebisha kilemba.

— Hapo umeua, Fundi, — Breki akasema.

— Wema hauozi, — akasema Profesa.

— Lakini niambieni ukweli, — akauliza Shangazi, birika mkononi. — Mtu anapona kweli kwa kugongewa bakuli?

Ni kama kumrushia paka dagaa. Profesa akajiweka sawa.

— Shangazi, hiyo ni sayansi. Mwili wa binadamu ni maji.

— Na damu?

— Damu ni maji yaliyotiwa rangi. Sasa weka ndoo ya maji kando ya barabara, lori lipite. Maji yanafanyaje?

— Yanamwagika.

— Yanatetemeka! Basi na wewe ukigongewa bakuli maji yako yanatetemeka, takataka zote zinatuama chini.

— Chini wapi?

— Miguuni. Unadhani wazee miguu inawavimba kwa nini?

— Hapo kwenye lori umenigusa penyewe, — Breki akadakia. — Mimi miaka thelathini nimekalia injini, sijaumwa hata jino. Nimestaafu Ijumaa: Jumatatu mgongo, Jumanne presha, Jumatano sukari. Daktari ananipa vidonge. Namwambia, we daktari, vidonge vya nini? Niwashie lori! Ingekuwa amri yangu, kila hospitali ingepewa lori moja, linaunguruma uani, wagonjwa wanapanda kwa zamu.

— Na moshi je?

— Moshi unafukuza mbu.

— Mbu asifukuzwe! — Profesa akainua kidole. — Watu hawajui tu. Mbu ni mganga. Jiulize, damu iko mguuni, yeye sikioni anatafuta nini? Anakuimbia. Anakutibu kwanza kwa sauti, damu ndiyo ujira wake.

— Na malaria inatoka wapi?

— Hiyo inawapata wanaompiga kofi kabla hajamaliza wimbo.

Shangazi akacheka mpaka kahawa ikamwagika. Profesa hakucheka, yeye akishaamini jambo analiamini, hata kama amelitunga dakika hiyo hiyo.

— Wazee walijua hayo zamani, — akaendelea. — Walisema sikio la kufa halisikii dawa. Maana yake nini? Dawa njia yake ni sikio! Hii habari ya kumeza imekuja juzi tu.

— Tena wakasema debe tupu haliachi kuvuma, — Breki akaongeza. — Duka la dawa limejaa, kimya. Debe halina kitu, linatibu mtaa mzima.

— Kama ni hivyo basi mganga mkuu ni mimi, — Fundi akasema, akijipiga kifua. — Nagonga asubuhi mpaka jua lizame. Nimewaponya nyote, na hakuna hata mmoja aliyesema ahsante.

Wakacheka wote. Lakini walicheka kidogo, kisha kila mmoja akatazama kikombe chake, maana walijua kitu ambacho hakisemwi kwenye benchi lile.

Fundi hakuwa mgongaji wa namna hii. Zamani alikuwa akigonga, anapumzika, anapiga mluzi, anamtania mteja, anagonga tena. Miaka mitatu iliyopita binti yake wa mwisho, wa miaka tisa, ambaye mtaa mzima ulimwita Kitinda, alishikwa na homa siku nne, ya tano wakamzika. Matanga yalipokwisha Fundi alirudi karakana, na tangu hapo anagonga kama mtu anayefukuzwa. Sufuria isiyo na bonde analitafuta mpaka analipata. Na nyumbani kwake, kwa miaka hiyo mitatu, jina la mtoto halijatajwa. Alidhani huo ndio uanaume. Alidhani anamwepusha mkewe na machungu. Mtu mwenye nyundo mkononi hudhani mengi.

Ngazi za nje zikalia, Mama Mabakuli akashuka.

— Hodi kijiweni.

— Karibu, mama! — Fundi akainuka. — Mzigo wako tayari. Tena usiseme kitu, nimeongeza na mkono wa ujirani.

Mama alilitazama lile bakuli kwa muda. Akaliweka juu ya kiganja, akatoa kijiti kilichovikwa ngozi, akaligonga ubavuni.

Likasema, "Ka."

Akagonga tena. Ka. Kama sahani ya bati iliyoanguka jikoni.

— Tia nguvu, mama, — Profesa akamshauri.

Mama hakumtazama.

— Fundi, yale mabonde umeyapeleka wapi?

— Nimeyaondoa yote. Kwa moyo mweupe, jirani.

— Aliyelitengeneza aliyapiga moja moja, — mama akasema taratibu, — anapiga, anasikiliza, anapiga tena. Yale mabonde ndiyo yaliyokuwa sauti yake.

Hakuna fundi asiyejua uchungu wa kuharibu mali ya mtu, lakini kuiharibu kwa wema, kwa siku mbili, huku ukijisifu, huo ni uchungu wa pekee.

— Nitayarudisha, — akasema. — Nipe siku mbili. Nipe siku tatu.

— Lilikuwa linaliaje?

Miezi saba bakuli lilikuwa likilia juu ya kichwa cha Fundi, dari moja tu kati yao, na hakuwahi kulisikia hata mara moja.

— Sasa utairudisha vipi sauti usiyoijua? — mama akauliza, bila hasira. Afadhali angemtukana. Tusi mtu anajua la kulifanya.

— Lakini mengine si unayo, mama? — Breki akajaribu kuokoa jahazi.

— Ninayo, madogo. Wengine watayazoea. Ila kuna dada mmoja hataki jingine ila hili. — Akalifuta kwa ncha ya nguo yake, ingawa halikuwa na vumbi. — Mimi simwambii mtu kwamba naponya, mimi si daktari. Huyo dada hulala chali, nikamwekea hili kifuani, nikaligonga polepole. Aliniambia linatetemeka kama mwanawe alivyokuwa akikoroma, akimlalia kifuani. Analia kidogo, kisha analala saa nzima. Nyumbani usingizi hapati. Na leo ndiyo siku yake, sijui nitamwambia nini.

— Huja saa ngapi? — Fundi akauliza, na sauti yake ilikuwa imekonda.

— Saa nane, mkishatawanyika. Huwa anasema lazima kwanza amfunikie mumewe chakula.

Fundi akakaa. Kila Jumanne, kwa miezi mingi sasa, alikuwa akifika nyumbani anakuta chakula kimefunikwa mezani na mkewe hayupo. Yuko kikundi cha ushonaji, ndivyo alivyoambiwa. Hakuwahi kuuliza wanashona nini. Hakuwahi kuona hata kitambaa kimoja kilichoshonwa. Alikuwa akila, ananawa, anarudi kugonga.

Hakupewa nafasi ya kufikiri zaidi. Mkewe alitokea pembe ya ukuta, kwenye njia ya nyuma, mtandio umefunika kichwa, anatembea kwa haraka ya mtu asiyetaka kuonekana. Akawaona wote bado wapo kijiweni, na mumewe katikati yao. Akasimama. Halafu, kwa kuwa ni mwanamke mwenye adabu zake, akasalimia.

— Hamjambo, shemeji zangu.

— Hatujambo, shemeji, — wakaitikia Profesa na Breki kwa pamoja, kama watoto wa shule.

Macho yake yakatua kwenye bakuli. Hakuhitaji kuelezwa. Mtu aliyeolewa na fundi miaka ishirini anaijua kazi ya mkono wa mumewe.

— Kumbe lililetwa kwako, — akasema.

— Mke wangu, sikujua. Wallahi sikujua. Ungeniambia tu.

— Nilikuja kukuambia. Siku ya kwanza kabisa, kabla sijapanda. Nikafika hapo pembeni nikasikia unawaambia wenzako kwamba wanaolala kule juu ni wehu wanaogongewa masufuria. Mkacheka. Nikaona basi, nizunguke nyuma.

— Ilikuwa utani.

— Najua.

Akalisogelea bakuli mkononi mwa Mama Mabakuli, akaligonga kwa kifundo cha kidole, mara moja, kwa upole. Ka. Akasubiri, kama anayesubiri mlango ufunguliwe na watu wa ndani. Kisha akashusha mkono.

— Baba Kitinda, — akasema, na Shangazi akashtuka kulisikia jina hilo pale. — Mimi nikimkumbuka nilikuwa nakuja hapa. Wewe ukimkumbuka huwa unakwenda wapi?

Hakuuliza kwa ugomvi. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli, pengine apate pa kwenda na yeye. Profesa, bingwa wa majibu, alikuwa akitazama vidole vya miguu yake. Breki alikohoa. Shangazi akamimina kahawa kwenye kikombe kilichokuwa kimejaa, ikatiririka mpaka chini, asione. Na Fundi alitafuta neno, neno lolote, akakuta miaka mitatu hakuweka hata moja akiba.

— Haya, — mkewe akasema mwishowe. — Nitalala hivyo hivyo tu, bila kitu.

Akapanda ngazi. Mama Mabakuli akaliweka bakuli kwenye benchi, mahali pa kukaa mtu, akamfuata.

— Mfuate, bwana, — Breki akanong'ona. — Unangoja nini?

— Nikamwambie nini?

Breki akamgeukia Profesa. Profesa akatikisa kichwa.

— Hilo silijui, ndugu yangu, — akasema, na pale kijiweni hakuna aliyewahi kumsikia akisema hivyo.

Fundi akainuka hata hivyo. Ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Karakana ilikuwa kimya, nyundo imelala juu ya fuawe, na katika kimya hicho akamsikia mkewe juu akilia. Si kilio cha msibani. Kidogo kidogo, kwa kujibana, kilio cha mtu aliyejifunza kulia bila kumsumbua mtu. Akasikiliza, akatambua kwamba hakijui. Miaka mitatu wamelala kitanda kimoja, na kilio cha mkewe alikuwa akikisikia leo kwa mara ya kwanza.

Alipofika ngazi ya nne akakaa. Hakupanda, hakushuka.