Kitanzi Alichokitoa Kaltumi binti Kamis Ili Afunge Ramadhani

Assalaam aleikum. Mimi ni Wahabi, kaka mkubwa wa marehemu, dereva wa lori, darasa la nne sikulimaliza, lakini haya ninayosoma sikuhadithiwa na mtu, yote nimeyaona kwa macho haya mawili, hata siku anazaliwa nilikuwa mlangoni, na mkunga aliniuliza mimi mtoto aitwe nani.

Kaltumi alizaliwa Bombo tarehe 3 Machi 1941, akahitimu Kurani, shule akafika la sita, akanipita, na tarehe 9 Juni 1960 akaolewa na shemeji Maftah, fundi magari wa hapa Kisenyi, wakajaaliwa watoto sita, na tangu 1972 akawa anauza sokoni Owino vikapu alivyosuka mwenyewe, ambavyo wake wa maofisa walivigombania mpaka kuvutana mashungi.

Uzazi wa sita, Januari 1975, ulimtoa damu nusura tumzike. Sista Nabalayo, mkunga wa kliniki, akatuambia mimba nyingine itamuua, na kwa ridhaa ya Maftah akamwekea kitanzi, kile cha plastiki kinachokaa ndani ya kizazi na kuzuia mimba miaka mingi, na hutolewa siku mwenyewe akitaka. Kilifanya kazi yake, ila kilimletea matone ya damu, leo yapo, kesho hayapo, keshokutwa yamerudi, na yeye, aliyefundishwa kwamba mwenye damu hasali wala hafungi, akawa anakaa pembeni ya mkeka.

Hapo ndipo yalipoanza yenu. Ramadhani ya mwaka ule wewe Hajara, wifi yake, uliyekaa pale na leso machoni, ulimwambia mbele ya wanawake wote: "Bi Likizo, Mungu kakupa ruhusa tena? Sisi wenzako tunapewa siku sita tu!" Wakacheka, na mwaka mzima likawa ndilo jina lake, sokoni Bi Likizo, arusini Bi Likizo, na huku anafua kila siku bila sabuni, na kwa nini sabuni haipatikani sisemi, sina hamu ya kusafirishwa na watu wa usalama ndani ya buti la gari.

Agosti 1976, Ramadhani ikikaribia, nilimpeleka kwa Sista kwa lori langu, vizuizi viwili vya askari nikavipita kwa ulimi tu. Sista alimsihi avumilie, akampa na vidonge vya kuongeza damu. Akajibu, "Sista, kitoe. Nataka kufunga na wenzangu." Kikatoka. Akafunga mwezi mzima, tarawehe akasali safu ya mbele, na Oktoba akawa mjamzito.

Jana, Jumanne tarehe 12 Julai 1977, alijifungua mtoto wa kike, mzima, na damu ikakataa kusimama, akafariki alasiri hospitalini, mkono wake umo mkononi mwangu, akisema, "Kaka, waambie nimewasamehe wote."

Asubuhi hii nimemuuliza Sheikh Mansur kama damu ile ya kitanzi ilizuia ibada. Akanishangaa. "Wahabi, siku zake za kawaida zikiisha, inayobaki ni damu ya ugonjwa. Anajisafisha, anatawadha kwa kila sala, anasali, anafunga. Nani alimkataza?" Hakuna, sheikh. Ila wanawake waliona haya kukuuliza, wanaume tukaona haya zaidi, na wewe kila Alhamisi ulitufundisha mpaka mguu wa kuingilia chooni, hili hukulitaja. Dada yangu kafa, na jibu lilikuwa nyumba ya tatu kutoka kwake!

Tunawashukuru madaktari waliohangaika hadi mwisho, Sista Nabalayo, majirani, na wachuuzi wenzake waliofunga vibanda leo. Pumzika kwa amani, Kaltumi, huko hakuna wa kukuhesabia swaumu.

Na kabla jeneza halijainuliwa, hilo la kusamehe nimelitia mimi, wazee waliniomba niseme maneno ya kutuliza. Kaltumi hakumsamehe mtu. Alichosema ni kwamba Hajara asiguse maji ya kumwoshea, na ndiyo maana, Hajara, asubuhi ulikuta mlango wa chumba cha kuoshea umefungwa.