Historia ya Marehemu Zahoro Mwinyimadi, Mwendesha Mtambo wa Kukoleza Juisi

Asalaam aleikum ndugu, jamaa na majirani mliofika hapa Maneromango. Zahoro Mwinyimadi, tunayemsindikiza leo, alizaliwa hapa hapa tarehe 3 Machi 1938, mtoto wa pili wa Mzee Mwinyimadi na Bi Swaumu, akasoma chuo cha Kurani, kisha akaingia shule Kisarawe mwaka 1947, akaishia darasa la nne, kwa kuwa baba alifariki na jembe halikuwa na mtu.

Mwaka 1964 alimwoa Bi Mwanne binti Salumu, wakajaliwa watoto watano, mmoja ametangulia mbele ya haki. Mwaka 1969 aliajiriwa Kibaha, kiwanda cha juisi, akakabidhiwa mtambo wa kukoleza, ule mtungi mkubwa unaochemsha maji ya machungwa kwa mvuke mpaka yawe mazito kama asali, na miaka yote hiyo hakuungua mtu, maana marehemu hakuwa na masihara: mshale wa kipimo cha mvuke usiposhuka hadi sifuri, kifuniko hakifunguliwi, hata adhana ya magharibi ilie na watu wamefunga, naye mwenyewe akifuturu kwa tende, kasimama pale pale.

Ramadhani hii machungwa yalifurika, mafuta ya boila yakawa haba, na tarehe 12 Julai 1982, marehemu alipokwenda kuswali alasiri, jiwe lilitundikwa kwenye valvu ya usalama ili mvuke usitoke, juisi iwahi kukolea kabla ya futari. Aliporudi aliwafukuza watu nje, akafunga bomba la mvuke, akapanda kuliondoa jiwe kwa mkono wake, ndipo mtambo ulipopasuka. Tumezoea kusema kazi ya Mungu haina makosa, na ni kweli, lakini lile jiwe halikutundikwa na Mungu, na familia inaumia kulisema.

Hospitalini, mwili mzima umeungua, aliuliza jambo moja tu, kama wenzake wote wametoka salama, akaambiwa wote wazima, ilhali Isihaka, kijana ambaye marehemu mwenyewe alimfundisha kazi na aliyerudi ndani kumsaidia, alikwishazikwa Pangani jana yake, ameacha mke na mtoto mchanga. Marehemu akashukuru, akatulia, akafariki alfajiri ya tarehe 15 Julai.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani wa Kibaha waliolala nasi msibani, na wafanyakazi wenzake waliolibeba jeneza na ambao leo hawainui macho. Zahoro, huko uliko umeshakutana na Isihaka, umejua kuwa tulikudanganya, utusamehe ndugu yetu, upumzike kwa amani.