Dumu la Dawa ya Choo

Basi lilipotoka sokoni, fundi cherehani alifumba macho kama aliyesinzia, apate kusikia vizuri. Kwenye kiti cha mbele yake, kijana mhudumu wa bwawa la majitaka la kijiji alikuwa akilikodolea macho dumu la dawa ya choo ambalo bibi mmoja alikuwa amelipakata.

"Bibi, dawa hiyo inaniulia wadudu wangu. Hawaonekani kwa macho, lakini ndio wanaokula uchafu bwawani. Wakifa, maji yanaingia mtoni vilevile yalivyotoka chooni."

"Sasa mgeni akiingia chooni kwangu, nimwambie avumilie harufu, wadudu wa mjukuu wangu wanakula?"

"Kila nyumba inasema hivyo, Bibi. Mnavyozidi kusafisha ndivyo bwawa linavyozidi kunuka."

"Bwawa likinuka, aibu yako. Choo kikinuka, aibu yangu."

Hapo fundi aliona kijana kapatikana. Basi likasimama.

"Lete nikupokee, Bibi," akasema mhudumu, akalishusha dumu kwa mikono miwili, kwa adabu zote, kama abebaye jeneza la jamaa zake.

Nyuma yao, fundi alikiinua kikapu chake polepole, chupa zake za dawa ya choo zisije zikagongana.