Damu ya Upande wa Mama

Hapa Bariadi, ukitaka jambo lako lifike Malampaka kabla ya treni, lipitishe kijiweni kwa Maganga muuza kahawa. Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu la chuma lililoegemezwa ukutani mwa duka la pembejeo, jiko la mkaa, birika, na vikombe ambavyo vimeshapoteza masikio. Wazee wa baraza hilo si wengi, lakini kelele zao ni za watu mia. Yupo Joakim, anayeitwa Darasa, kwa sababu hakuna mjadala utakaopita bila yeye kukumbusha kwamba alisoma baolojia hadi kidato cha nne, ingawa matokeo yake hajawahi kuyataja. Yupo Mayige, dalali wa ng'ombe, jina lake Mnada. Na yupo Masunga, mchomeleaji wa plau na mikokoteni, wanamwita Chuma. Asubuhi hiyo Chuma alikuwa ameinamia kikombe chake kama mtu aliyedondosha kitu ndani, maana baraza lilikuwa linajadili nyumba yake.

Mjini kila mtu alishasikia. Kija, binti yake wa miaka mitatu, ana sikoseli. Mkewe Milembe yuko kwao Lingeka, Meatu, tangu wiki iliyopita, na mtoto mgongoni. Na alfajiri ya leo baba mdogo wake Masunga, mzee Maduhu, amepanda gari kwenda huko huko kuwaambia wakwe kwamba mwanamke hatarudi tena, na kwamba ng'ombe wa mahari watafutiwe kamba.

— Ngoja niwafundishe, alisema Darasa, akijifuta povu la kahawa. Huo ugonjwa ni wa kurithi. Chembe za damu badala ya kuwa za duara zinajikunja mfano wa mundu, zinanasa kwenye mishipa, ndiyo unaona mtoto analia mikono, analia miguu, macho manjano. Mpaka hapo tuko pamoja?

— Tuko pamoja, mwalimu.

— Sasa kurithi maana yake kuna mwenye mali. Mtoto miezi tisa alikaa tumboni mwa nani? Mwa Chuma?

Walicheka. Masunga naye alicheka, kicheko cha mtu anayelipia wengine.

— Damu yote ni ya mama, Darasa aliendelea. Baba anatoa sura na kimo basi. Wahenga walishamaliza: mwana hutazama kisogo cha nina.

— Hata mnadani ni hivyo hivyo, alidakia Mnada. Mimi nikitaka kununua mtamba nauliza mama yake, nauliza bibi yake, nauliza kama kuna aliyewahi kutupa mimba. Dume? Dume naangalia nundu tu na miguu, tunamaliza biashara.

— Si mlituma watu Lingeka kuchunguza ule ukoo kabla ya kuoa? aliuliza Maganga, akipuliza mkaa.

— Tulituma, alijibu Masunga.

— Na walikuta nini?

— Hawakukuta kitu. Hakuna kifafa, hakuna ukoma, hakuna mchawi.

— Basi waliuliza vibaya, alisema Mnada. Ukoo hauulizwi mlango wa mbele. Unakwenda kwa jirani waliyegombana naye mpaka wa shamba, huyo anakupa yote.

Masunga alinywa kahawa iliyokuwa imeshapoa. Alijua wapi mjadala huu ulianzia, kwa kuwa aliuanzisha yeye mwenyewe, kwa sentensi moja tu. Siku ile hospitali walikuwa wameketi wote wawili, yeye na Milembe, Kija amelala mapajani mwao, kichwa kwa mama na miguu kwa baba. Nesi aliwaeleza taratibu, kama mtu aliyewaeleza wengi kabla yao. Kila mtu ana vinasaba viwili vya jambo hili, kimoja amepewa na baba yake, kingine na mama yake. Mwenye kimoja kibovu haumwi, anakibeba tu, anaweza kulima mpaka uzeeni asijue. Wewe baba unacho kimoja. Wewe mama unacho kimoja. Mtoto amechukua kibovu kwa baba na kibovu kwa mama, ndiyo maana anaumwa. Angechukua kwa mmoja wenu peke yake, asingeumwa. Na kila mimba yenu itakuwa na bahati nasibu hiyo hiyo, kwa hiyo mwakani mkitaka mwingine njooni tuzungumze.

Waliporudi nyumbani, mzee Maduhu alikuwa uani anasubiri. Hakuuliza mtoto anaendeleaje. Aliuliza: damu hiyo imetoka wapi? Masunga akajibu: kwa mama. Alikuwa anavuta pumzi aseme na kwa baba pia, gete, kweli kabisa, alikuwa anataka kusema, lakini mzee alishasonya na kupiga fimbo yake chini, na yale maneno mengine yalirudi kooni yakakaa huko. Milembe alikuwa jikoni anasonga ugali, mlango uko wazi. Aliinua macho akamtazama mumewe, kisha akaendelea kusonga. Hakusema neno siku ile, wala siku alipofungasha nguo za mtoto pamoja na vidonge vyake na kuondoka. Masunga alijiambia kwamba kama lingekuwa jambo kubwa, mwanamke angesema.

— Mimi nawaambia ni maji, alisema Mnada, sauti ikipanda. Kule Meatu maji yana chumvi. Mtu akiyanywa tangu bibi na babu, damu inaganda kidogo kidogo, kizazi cha tatu inajikunja.

— Na haba na haba hujaza kibaba, alisema Darasa kwa uzito, ndiyo maana damu ya mtoto inapungua.

Maganga alimtazama akitaka kuuliza, akaona bora apulize mkaa.

— Tena sikilizeni, Mnada aliendelea, kuna kitu wasomi hawakisemi. Ng'ombe wa mahari walipokwenda, damu ya kule ikaja huku. Ni kubadilishana. Sasa ng'ombe wakirudi wote, bila kubaki hata kwato, damu nayo inarudi kwao. Mtoto anapona.

— Lakini mtoto yuko huko huko kwao, alisema Maganga.

— Ndiyo vizuri, haina safari ndefu.

— Kitaalamu inaweza kuwa kweli, alisema Darasa. Kuna kitu tulisoma, jina limenitoka.

— Na wale wakwe walijua, Mnada alimalizia. Walikuuzia ng'ombe mgonjwa, Chuma. Au nasema uongo?

Masunga aliona macho yote yamemgeukia. Mtu aliyekuwa akiitwa ng'ombe mgonjwa ni mwanamke aliyepalilia pamba yao ekari tatu akiwa na mimba, aliyekesha na Kija akimkanda vidole vilivyovimba, akimwimbia Kisukuma mpaka kunakucha. Aibu ilimpanda usoni ikawa moto. Akafungua mdomo.

— Husemi uongo, alijibu.

Hapo ndipo mama mmoja aliposogea kutoka upande wa stendi, kikapu mkononi, kanga ya pili mabegani. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye vumbi la safari miguuni.

— Mwangaluka.

— Mwangaluka, mayu.

— Gari la Maswa limeharibika tairi, wamesema tungoje. Naweza kukaa hapa kwenye kivuli?

— Karibu mayu, karibu mama, alisema Maganga. Kahawa?

— Nipe kidogo.

Alikaa ukingoni mwa benchi. Jina lake, alipoulizwa, alisema ni Lukresia, anarudi Malampaka. Darasa hawezi kuona mgeni asimweleze somo tangu mwanzo, kwa hiyo alirudia yote: mundu, miezi tisa, maji ya chumvi, kisogo cha nina, ng'ombe wanaorudi na damu yao. Lukresia alisikiliza akinywa. Hakutikisa kichwa kukubali wala kukataa.

— Pole yao, alisema mwisho. Na huyo baba mtu, alipopimwa aliambiwaje?

Darasa alifungua mdomo.

— Mayu, kitaalamu, alisema, akaishia hapo.

— Baba apimwe kwa nini? alisema Mnada. Mbona yeye haumwi, mtu mzima ana nguvu kama trekta.

— Si hata mama mtoto haumwi? aliuliza Lukresia. Sijasikia mkisema anaumwa.

Bodaboda ilipita ikapiga honi, hakuna aliyegeuka. Ilikuwa ajabu: watu wameshinda wiki nzima wanaichambua damu ya mtoto mpaka kwa babu zake wa Meatu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza hilo. Darasa alianza kumtazama Masunga. Mnada naye akamtazama, kisha akaangalia pembeni, kama mtu aliyemkuta mwenzake anaoga.

Masunga angeweza kusema hajapimwa. Neno lilikuwa tayari mdomoni, jepesi, na gari la Maswa lingepona, mama huyu angekwenda zake. Lakini alikuwa amechoka kuibeba nusu ile.

— Baba mwenyewe ndiye mimi, mayu, alisema. Nilipimwa. Na mimi ninayo. Mtoto amepata kwangu na kwa mama yake, sawa kwa sawa. Angepata kwa mmoja wetu tu, asingeumwa.

Alingoja wamcheke. Alikuwa amejiandaa kwa hilo, na kwa jina jipya la utani ambalo lingemfuata mpaka kaburini. Haikuwa hivyo.

— Ah, Chuma, alisema Darasa, akimpiga bega taratibu. Ndiyo kitu cha kukukosesha raha? Wewe umebeba tu, huumwi. Kitaalamu ni jambo la kawaida kabisa, nusu ya Kanda ya Ziwa huenda wanabeba.

— Dume zuri huliuzi kwa sababu ya doa moja, alisema Mnada. Mimi nisingeliuza.

— Kuvunjika kwa koleo siyo mwisho wa uhunzi, aliongeza Darasa, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo methali ilikaribia mahali pake.

— Na vipimo navyo hukosea, alisema Mnada.

— Mmiminie mwenzetu kahawa, Maganga.

Walikuwa wanamfariji kwa moyo mweupe, na hilo ndilo lililomuumiza. Kitu kile kile. Kwa Milembe kilikuwa uchafu wa ukoo, maji ya chumvi, ng'ombe mgonjwa aliyeuzwa kwa hila. Kwake kimekuwa doa. Hakuna aliyebadilisha sauti kwa makusudi. Ilibadilika yenyewe, hata hawakuisikia. Na yeye ndiye aliyewafundisha kusema vile, tangu uani kwake.

Lukresia aliweka kikombe chini.

— Kwa hiyo mke mmemrudisha kwao kwa ajili ya hiyo damu, alisema, bila kejeli, kama mtu anayetaka kuelewa tu. Na huyu mwenzenu, mtamrudisha kwa nani?

Darasa alikuna shingo. Mnada alizungusha kikombe kitupu kiganjani mwake, akatazama ndani. Maganga aliinua birika kummiminia Masunga, yakatoka machicha. Gari la Maswa lilipiga honi stendi, Lukresia akafunga kanga yake, akalipa, akawaaga, akaenda. Swali alilibakisha hapo hapo.

Masunga aliinuka, akaenda pembeni karibu na mlango wa duka, akatoa simu. Akampigia mzee Maduhu.

— Baba mdogo, umefika?

— Nimefika, nimekaribishwa, nimekaa, alijibu mzee Maduhu. Umepiga wakati mzuri. Wakwe zako ni watu wa taratibu, hawabishi. Ila mzee hapa ana swali moja tu, anasema kabla ya kuzungumzia ng'ombe anataka kujua kama na wewe ulipimwa.

— Ukamjibuje?

— Mimi ningejua nini? Nimemgeukia mkeo, nikamuuliza yeye. Amesema hajui, mumewe aulizwe mwenyewe.

Masunga alishika fremu ya mlango. Hajui. Mwanamke aliyekuwa ameketi bega kwa bega naye, nesi akisema mbele yao wote wawili, hajui. Yuko mbele ya baba yake mzazi, anafukuzwa kwenye nyumba yake, ng'ombe wake wanadaiwa, na bado anamfunika mumewe nguo. Aibu ya kijiweni ilikuwa ya kuogopa kuchekwa. Hii ilikuwa nyingine, na hakujua aiweke wapi.

— Anajua, baba mdogo.

— Unasemaje? Mtandao unakatakata.

— Weka spika. Sogeza simu kwa baba mkwe, na Milembe asogee. Nataka wasikie wote.

Kukasikika kigoda kikiburutwa, kuku, mtu akikohoa. Kisha sauti ndogo, karibu kabisa na simu.

— Ni baba?

Huku nyuma, benchini, Darasa na Mnada walikuwa wanamsikiliza.

— Ni baba, Kija, alisema Masunga. Shikamoo, baba mkwe. Nilipimwa. Nusu ya ugonjwa wa mtoto imetoka kwangu, na mwanao aliambiwa siku ile ile niliyoambiwa mimi. Yeye alinyamaza kwa kunisitiri. Mimi nilinyamaza kwa uoga.