Tarsisi Ngassa na Mashine Isiyohitaji Nyapara

Ijumaa ya tarehe 29 Desemba 1989, Ndugu Tarsisi Ngassa, Baba Justa, anastaafu baada ya kukitumikia kiwanda chetu cha kuchambua pamba hapa Shinyanga kwa miaka ishirini na saba.

Alikuja mwaka 1962 kutoka Runzewe, akapewa kazi ya kusuka upya nyaya za mota zilizoungua. Umeme wa redio alijifunza kwa masomo ya posta, na mwaka 1974 akawa fundi mkuu wa umeme. Lakini tunayemkumbuka zaidi ni Tarsisi wa mwaka 1986.

Mwaka huo kisanduku cha elektroniki kinachoongoza mashine ya kufunga marobota kilisahau kazi yake. Kampuni iliyokitengeneza ilikuwa imekwisha kufungwa, hivyo ilibidi programu iandikwe upya. Mtaalamu mmoja alishauri tuagize kompyuta kubwa, vyombo vya kuipimia, na mfumo wa uendeshaji wenye uwezo wa kusimamia kazi nyingi kwa wakati mmoja.

Wasiojua mfumo wa uendeshaji wamfikirie nyapara. Vibarua wakiwa kumi, nyapara anahitajika ili wasigongane. Mashine yetu ina kibarua mmoja tu: asubiri pamba ijae, agandamize, asimame. Tarsisi alisema kikaoni kwamba kompyuta ndogo iliyotumika inatosha, na amri ziandikwe moja moja. "Hivyo vikubwa vikiharibika, nani hapa atavitengeneza?" aliuliza.

Meneja hakufurahi. "Sawa, Baba Justa. Pamba ya kwanza ikifika mashine haijatembea, naagiza vya mtaalamu, na wewe unarudi kwenye mota zako."

Tuseme kweli: Tarsisi mwenyewe aliwahi kumjaribu nyapara. Aliazima mfumo mdogo akaupima. Chipu yetu, yaani kile kidude cha kisanduku kinachotunza programu, hubeba maandishi ya ukurasa mmoja hivi, na mfumo ule ulitaka kurasa nne. Nyapara alijaza nyumba, kibarua akabaki nje.

Programu ilikamilika siku kumi na saba kabla ya msimu. Ikabaki kufuta chipu za zamani ili ziandikwe upya. Chipu hizo zina kidirisha kidogo cha kioo juu. Mwanga mkali ukiingia humo, maandishi hufutika. Taa maalumu ya kufutia hatukuwa nayo, ila jua la Shinyanga halina bei. Tarsisi alizianika kwenye ungo juu ya paa la kantini, kando ya michembe, vipande vya viazi vitamu, ya Mama Febronia, mpishi wetu, akahesabu wiki moja.

Siku ya nane aliiingiza programu mpya ndani ya chipu, akawasha. Mashine ilipanda, ikatetemeka, ikagoma kushuka. Vibarua walimtania: "Fundi, chipu zako bado mbichi!"

Kumbe Mama Febronia, kwa wema wake, alikuwa akizigeuza kila asubuhi pamoja na viazi vyake, na kila jioni akizirudisha. Mchana kutwa vidirisha vilitazama chini. "Sasa, Baba Justa, ningejuaje kwamba zina uso?" alilalamika. "Kitu kikianikwa kinageuzwa!"

Zilibaki siku tisa. Tarsisi alizianika upya, vidirisha juu, na safari hii Mama Febronia mwenyewe alizilinda kwa mwiko. Hata meneja alifukuzwa alipotaka kuchungulia. Lori la kwanza lilipoingia getini, robota la majaribio, la pamba iliyobaki msimu uliopita, lilikuwa tayari linafungwa. Meneja alilipigapiga kwa kiganja, akarudi ofisini. Barua ya kuagiza vitu vya mtaalamu haikuandikwa.

Tusimfanye adui wa mifumo. Mwaka jana, tulipopata mizani inayopima, kuchapa na kutoa ishara kwa wakati mmoja, ni yeye aliyesema, "Hapa nyapara anahitajika." Kila kazi huchaguliwa chombo chake.

Programu ile ameiandika yote katika daftari, kila amri na maelezo yake kwa Kiswahili. Agosti iliyopita, akiwa likizo, mashine ilikwama. Fundi wetu kijana, Scolastika, alifungua daftari, akalipata kosa kabla ya saa sita mchana, na hakuna aliyemwita mzee. Aliporudi na kuambiwa, Tarsisi alicheka, kisha akaomba fomu ya kustaafu.

Asante sana, Baba Justa. Nenda Runzewe salama, wewe na Mama Justa. Mungu awape afya na siku nyingi za kupumzika. Mashine inatembea.