Kapu Chini ya Pazia la Revocatus

Tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya miaka thelathini na sita kazini, Ndugu Revocatus Mahona, mwonyesha sinema wa Kituo cha Utamaduni cha Mtendeni, anastaafu. Wenzake wameniomba mimi, mama yake mzazi, niandike wasifu wake. Hawakukosea. Nani anamjua kunizidi?

Alianza na gari la sinema, Urambo hadi Ulyankulu. Vijana walitaka filamu za ngumi. Yeye alipenda zile za zamani, nyeusi na nyeupe, za watu wa mitaa ya mabanda: fundi viatu anayetembea peku, mjane anayehamisha kitanda kila mvua inaponyesha. Lugha ya filamu hizo ilikuwa ya Ulaya, basi Revocatus alishika kipaza sauti akatufasiria, Kiswahili na Kinyamwezi humo humo. Mjane akilia, naye sauti inamkatika. Sauti ile kairithi kwangu, nisiwafiche.

Wakati mmoja Ulyankulu, asubuhi baada ya filamu ya mjane, akina mama walifika kwenye gari na unga, maharage, hata kuku kafungwa miguu. Bibi Apolinaria Kaneza akasema, "Mpelekee yule mama, mwanangu. Mwambie hata sisi wakimbizi tulifika hapa bila sufuria."

Dereva Fikiri alicheka mpaka akakaa chini. Revocatus hakucheka. Aliwaeleza kwamba yule wa kwenye picha hafikiki, kisha akauliza, "Hapa kwenu nani anavujiwa?" Wakamtaja. Vyote vikaenda kwake, kuku akipiga kelele njia nzima.

Tangu hapo kapu la kuchangia wenye shida hukaa chini ya pazia la sinema kila anapoonyesha. Simu zilikuja, watazamaji wakapungua, kapu halikulala tupu. Pazia lenyewe, kama hamjui, ni shuka langu.

Hofu yangu ilikuwa moja: akiondoka, kapu litamfuata. Jumamosi iliyopita Recheli Irambona, binti anayempokea kazi, alionyesha peke yake. Filamu ikaisha, watu wakainuka. Chini ya pazia, hakuna kapu!

Recheli akashika kipaza sauti: "Jamani, leo kapu liko mlangoni, maana mmezidi kunitoroka! Mzee Abasi, hiyo mihogo unairudisha wapi?"

Watu wakaangua kicheko. Mihogo ikaingia kapuni.

Ahsante, Revocatus, umetupa heshima. Pumzika kwa furaha ya moyo, Mungu akulinde. Jumamosi utakaa kwenye viti kama sisi wengine. Basi usije mikono mitupu, baba.