Teksi Imekuwa Nzito Tangu Itoke kwa Fundi wa Kike

Wifi yangu ndiye aliyeniambia kwanza: teksi ya mume wangu imekuwa nzito tangu ifanyiwe sevisi na yule fundi wa kike, na mume wangu ameshairudisha kwake mara mbili. "Gari ndilo linaloumwa, au mwenye gari?" akaniuliza, akaenda zake akicheka. Mimi si msemaji. Jioni nikabandika birika la kahawa mbele ya mlango wetu, lilipo benchi la kijiwe, mtoto mgongoni, nikatega masikio. Teksi ilikuwa imeegeshwa pembeni. Alikuwapo mume wangu, ambaye hapo huitwa Kapteni. Spana, fundi wetu wa miaka yote hadi gari lilipohamishwa. Na Wakili, ambaye mahakamani aliingia mara moja tu, akishtakiwa.

Kapteni: Nakanyaga mafuta, linanguruma tu. Kwenye kilima baiskeli zinanipita. Kesho nalirudisha.

Spana: Mara ya tatu? Hivi unapeleka gari, au unajipeleka?

Wakili: Chujio la hewa hilo. Limeziba, gari linapumua kwa tundu moja la pua.

Kapteni: Chujio ni jipya. Kalifunga mwenyewe, nikiona.

Spana: Uliona chujio, au uliona mkono?

Walicheka. Mimi nikamwagia kahawa nje ya kikombe.

Wakili: Basi oili. Kaweka nzito kama gundi.

Kapteni: Tumeshabadilisha.

Spana: Nyie magari hamyajui. Hili nimelilea mimi, tangu halina hata honi. Ukilipeleka kwa mtu mwingine, linasusa.

Wakili: Gari linasusa?

Spana: Kama mke! Muulize shemeji hapo.

Wote wakanigeukia. Nikajifanya napuliza mkaa.

Wakili: Mimi nasema yule dada kalifunga makusudi. Likiwa mbali na gereji yake linakuwa zito, likielekea kwake linakimbia.

Kapteni: Kusema kweli... kwenda kule huwa linakimbia.

— Kule ni mteremko, nikasema.

Wakaangua kicheko, maana sijawahi kutia neno kijiweni. Hawajamaliza, fundi mwenyewe akatokea kwa miguu. Nilitegemea kumwona mtu wa kujipodoa. Alikuwa na grisi hadi kidevuni, na bado alikuwa mzuri. Hilo ndilo lililoniuma.

Fundi: Shikamooni wazee. Hujambo, dada? Kapteni, gari lako limeninyima usingizi.

Usingizi! Nilikaza kanga ya mtoto mpaka akalia.

Fundi: Mara zote mbili nimeangalia injini. Leo nataka kuangalia pale unapokaa. Lete funguo.

Alifungua mlango, akainama. Hata kuwasha hakuwasha. Akavuta kitu miguuni pa dereva.

Fundi: Una zulia juu ya zulia. Hili la juu limeingia chini ya pedali ya mafuta. Ukikanyaga, haifiki mwisho. Nani kaliweka?

Kapteni: Si wewe? Nilidhani zawadi ya sevisi.

Fundi: Kwangu hakuna zawadi. Nani kaliweka?

Wakili alimtazama Spana. Siku gari lilipotoka sevisi, Spana ndiye aliyeomba funguo, akaingia peke yake, eti analisalimia. Sasa alikuwa anakunywa kikombe kisicho na kitu. Nilimjazia, sikumwuliza. Nilikuwa na hasira naye, lakini wivu wake niliufahamu. Tangu mchana nilikuwa nao mwenyewe kifuani.

Fundi alikataa kahawa, akaaga. Kapteni alimsindikiza kwa macho hadi kwenye kona, nami nikamsindikiza Kapteni kwa yangu.

Kesho yake asubuhi alinyoa ndevu, akasema anapitia gereji mara moja tu, kumshukuru fundi. Alipotoka na funguo, alinikuta nimeshakaa kiti cha mbele, mtoto mapajani, mkanda nimefunga.